Hatua nane za chujio na bado wageni wanaumwa tumbo: kisa cha nyumba ya wageni Kigoma

Nyumba hii ya wageni iko maeneo ya Mwanga, mjini Kigoma. Ina vyumba kumi na vinne, mgahawa mdogo wa chai, chapati na samaki wa migebuka, na hatua nane za kuchuja maji. Tatu ziko nje, pale bomba la mtaa linapoingia uani. Tano ziko jikoni chini ya sinki. Mama mwenye nyumba alizinunua kwa awamu mbili kwa wauzaji wawili tofauti, na kila mmoja alimhakikishia kwamba akishafunga mtambo wake, habari ya maji imekwisha.

Haikuisha. Wageni wa muda mrefu, wale mafundi wa miradi wanaopanga kwa wiki kadhaa, walilalamika tumbo kwa kupokezana. Birika za umeme vyumbani zilizidi kuota ukoko mweupe. Chujio la jikoni lilikuwa likitoa maji kwa matone, na tayari lilikuwa limebadilishwa membreni, ile ngozi ya ndani inayozuia chumvi, mara moja. Nilipoitwa kama fundi, ombi lilikuwa nipendekeze hatua ya tisa.

Kabla ya kuongeza chochote ilibidi tujue maji yenyewe ni ya namna gani, maana hapo ndipo wauzaji wote wawili walipoparuka. Kigoma inakunywa ziwa, na Ziwa Tanganyika lina tabia zake. Maji ya juu ya ziwa yana pH (kipimo cha uchachu; 7 ni katikati, juu ya hapo si machachu) inayocheza karibu na 9, yana magnesi nyingi kuliko kalsi, na ugumu wake unafika karibu miligramu 200 kwa lita ukihesabiwa kama kalsi kabonati. Ugumu huo ndio unaoacha ukoko kwenye birika, na hakuna chujio la matope wala la mkaa linaloweza kuuondoa, kwa sababu madini hayo yameyeyuka na yanapita pamoja na maji. Kwa afya si tatizo. Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye chumvichumvi zisizozidi miligramu 600 kwa lita kwa kawaida huwa na ladha nzuri, na yanaanza kuwa magumu kunyweka yakipita 1,000. Kipimo changu cha mkononi, kikalamu cha kusoma chumvichumvi, kilisoma 340 pale bombani. Ukichukua maji ya ziwa ukayaita machafu kwa sababu ya namba hiyo, umekosea jibu na swali pia.

Kosa hilo halikuja kwa bahati mbaya. Mama alinisimulia jinsi muuzaji wa pili alivyomshawishi, na kwa kuwa aliachiwa kile kifaa kama zawadi, tuliweza kurudia mchezo wenyewe. Ni kiboksi chenye vijiti vinne vya chuma, viwili kwa kila glasi. Glasi moja unaweka maji ya bomba, nyingine maji yaliyopita kwenye mtambo. Ukichomeka kwenye umeme, ndani ya dakika moja maji ya bomba yanatoa povu, yanageuka ya kijani, kisha ya kahawia, na juu yanaelea mapande yenye rangi ya matope. Glasi ya pili inabaki ilivyo. “Mama, hiki ndicho unachowapa watu,” jamaa alimwambia mbele ya wateja.

Rangi ile ni kutu ya vijiti vyenyewe. Maji yenye chumvichumvi yanapitisha umeme, umeme unakula chuma, chuma kinageuka kutu. Maji ya mtambo hayana chumvi za kutosha kupitisha umeme, basi kijiti hakiliki. Tulitia chumvi kidogo ya mezani kwenye ile glasi “safi”, tukachomeka tena, ikawa nyeusi kuliko ya bomba. Mama alicheka, lakini si kicheko cha furaha. Alikuwa amelipa fedha nyingi kwa ajili ya kutu ile. Na mchezo huo, pamoja na kile kikalamu cha kusoma namba, havisemi lolote kuhusu vijidudu. Maji yanaweza kusoma 15 yakakulaza hospitali, na yanaweza kusoma 400 ukayanywa miaka yote.

Hofu yake hata hivyo si ya kubuni. Mtu aliyekuwa Kigoma Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana kijiji cha Kagunga, kipindupindu kikazuka, na meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta mjini hadi uwanja wa michezo wa Lake Tanganyika, huwezi kumwambia maji ni jambo la kuchezea. Muuzaji aliijua hofu hiyo. Ila alichouza kilikuwa dawa ya ugonjwa mwingine.

Basi tukafuata bomba kwa miguu. Maji ya mtaa huja kwa mgao, mara nyingi usiku. Yakiingia uani yanapita kwenye makopo matatu makubwa ya buluu: la kwanza chujio la nyuzi la maikroni 5 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), la pili mkaa wa chenga, la tatu mkaa ulioshindiliwa. Yakitoka hapo yanaingia tangi la chini la lita 5,000, pampu inayasukuma hadi tangi la juu la lita 2,000, na kutoka huko yanashuka vyumbani na jikoni. Jikoni kuna mtambo wa RO (reverse osmosis, wa kuyasukuma maji yapite kwenye membreni) wa hatua tano: nyuzi, mkaa wa chenga, mkaa wa kushindiliwa, membreni, na kipande cha mkaa mwishoni cha kurekebisha ladha.

Ukiitazama orodha hiyo kwenye karatasi, inapendeza. Shida iko kwenye mpangilio wa mambo mawili: mkaa umekaa kabla ya tangi, na membreni imekaa chini ya tangi.

Tuanze na mkaa. Nilipima klorini kwa vidonge vya DPD, ambavyo huyageuza maji kuwa ya waridi kama klorini ipo. Kwenye bomba la mtaa, kabla ya makopo, maji yaligeuka waridi wa kuonekana vizuri, kama miligramu 0.4 kwa lita. Baada ya kopo la tatu, hakuna rangi. Tangi la chini, hakuna. Tangi la juu, hakuna. Mkaa ulifanya kazi yake sawasawa: unanyonya klorini, na kwa hiyo ladha na harufu ya dawa inaondoka. Ila klorini hiyo ndiyo mlinzi pekee aliyekuwa akiyasindikiza maji hadi kwenye tangi la plastiki linalokaa juani mchana kutwa. Muuzaji wa kwanza alimpokonya mlinzi mlangoni, kisha akayaacha maji yalale humo siku mbili tatu.

Kisha kuna yale maikroni 5. Mvua zikianza, mito midogo na mto Luiche hushusha matope ziwani, na hata wakati wa kiangazi, maji ya mgao yakirudi baada ya bomba kukaa tupu, ya kwanza kuja yana kutu na mchanga. Chujio la nyuzi laini hivyo likipokea maji ya namna hiyo bila kitu cha kulitangulia, linaziba upesi. Likiziba, presha ya mtaa haitoshi kulipenya, na tangi halijai ndani ya saa chache za mgao. Kijana wa pale alikuwa na utatuzi wake: asubuhi akiona tangi liko nusu, anaita watu wa baiskeli wanaouza maji ya madumu, wanafungua mfuniko wa tangi la chini na kumimina. Maji ya madumu, yaliyochotwa ziwani kwa mkono, yakaruka makopo yote matatu na kuingia kwenye tangi lisilo na klorini hata chembe. Hakuna aliyemficha mama jambo hili. Hakuna aliyeliona kuwa ni jambo.

Kwa vijidudu nilitumia mifuko ya kupimia ya mililita 100 yenye vyumba vitano. Unaacha maji kwenye joto la kawaida, na kwa joto la Kigoma majibu unayapata ndani ya siku mbili. Chumba chenye E. koli, bakteria anayeonyesha kwamba kinyesi kimeingia majini, hugeuka kijani cha kuelekea buluu. Bomba la mtaa: vyumba vyote vilibaki safi. Tangi la chini: vyumba vitatu viligeuka. Maji yanayodondoka moja kwa moja kutoka kwenye mtambo wa jikoni: safi. Ndoo ya jikoni ambamo maji hayo hukusanywa: vyumba vyote vitano.

Hebu rudia hapo. Mtambo ulitoa maji safi, na ndoo iliyo sentimita arobaini chini yake ilikuwa chafu kuliko tangi.

Kwa nini kuna ndoo? Mtambo wa RO wa nyumbani huja na katangi kake ka chuma chenye mpira wa hewa ndani, ambao ndio unaoyasukuma maji hadi kwenye koki ya juu ya sinki. Ule mpira hujazwa hewa kiwandani kwa presha ya karibu nusu bar. Sasa tangi la juu la nyumba hii liko kama mita 5 juu ya sinki, na kila mita ya kimo cha maji inatoa takriban sehemu moja ya kumi ya bar. Jumla nusu bar. Maji yenye presha ya nusu bar hayawezi kuingia kwenye mpira wenye presha ya nusu bar. Fundi aliyefunga aliona katangi hakajai, akakaondoa, akaning'iniza mpira wa kutolea maji kwenye ndoo ya wazi. Wapishi wakawa wanachota kwa kikombe, kikombe kile kile, mikono ile ile inayotoka kupara samaki.

Na presha hiyo hiyo ndiyo iliyoua membreni, au tuseme ilifanya ionekane imekufa. RO ni kuyalazimisha maji kupita mahali ambapo chumvi haipiti, na chumvi yenyewe huyavuta maji yarudi nyuma. Kwa maji ya ziwa mvuto huo ni karibu robo ya bar. Ukitoa robo kwenye nusu, umebaki na robo tu ya kufanyia kazi. Membreni ya galoni 75 kwa siku, yaani karibu lita 284, hupimwa kiwandani kwa presha ya bar tatu na nusu hivi. Ukiipa chini ya sehemu moja ya kumi ya hiyo, itakupa chini ya sehemu moja ya kumi ya maji, na hata hayo hayatakuwa na ubora wake: presha ikiwa ndogo maji safi hupita polepole wakati chumvi inaendelea kupenya kwa kasi yake ya kawaida, basi namba kwenye kikalamu inapanda. Mama aliona namba imepanda, akaambiwa membreni imechoka, akanunua nyingine. Nayo ikafanya vivyo hivyo. Wakati huo huo bomba la maji taka la mtambo lilikuwa likimwaga mtaroni maji mengi kuliko yanayoingia kwenye ndoo, kwenye nyumba inayonunua maji ya baiskeli.

Sidai kwamba kila tumbo lililouma hapo lilitokana na ndoo ile. Migebuka iliyolala ina habari zake, na mikono ya mgeni nayo ina zake. Lakini wageni walikuwa wakipewa jagi la maji ya ndoo mezani na kupiga mswaki kwa maji ya tangi, na vyote viwili vilikuwa na E. koli. Hapo huna haja ya kutafuta mbali.

Kuna kitu nataka kukisema hapa kabla ya marekebisho, kwa sababu watu wengi wataondoka wakidhani RO ni utapeli. Si utapeli. Ungekuwa na kisima Singida, Shinyanga au pembezoni mwa Arusha, ambako floridi katika maji ya ardhini huzidi kile kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita cha Shirika la Afya Duniani, membreni ingekuwa kitu cha kwanza ningekipendekeza, kwa kuwa mkaa wa kawaida hauigusi floridi wala kuchemsha hakuiondoi. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, alishinda mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya uhandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000, kwa chujio la mchanga na chembe za nano ambalo wazo lake kuu ni kwamba unalitengeneza kulingana na uchafu wa mahali husika. Wazo hilo naliona zito kuliko chujio lenyewe. Maji ya Kigoma hayataki kuondolewa floridi. Yanataka kuondolewa matope wakati wa mvua, kulindwa yakiwa kwenye tangi, na kutoguswa baada ya hapo.

Marekebisho yalikuwa hivi. Makopo mawili ya mkaa pale nje yalitolewa, na lile la nyuzi likawekewa chujio la wavu la maikroni 100, la kuoshwa na kurudishwa. Sasa maji ya mtaa yanaingia na klorini yake na tangi linajaa kwa usiku mmoja wa mgao. Pande zote mbili za kopo hilo tukafunga geji za presha, za bei ndogo kabisa. Tofauti ya geji ikianza kukua, kijana anafungua na kuosha wavu. Hakuna kuhesabu miezi, maana mwezi wa Januari na mwezi wa Julai kwa matope si kitu kimoja.

Matangi yalisuguliwa. Chini ya lile la lita 5,000 kulikuwa na tope la kimo cha kidole. Kisha likajazwa maji na klorini ya miligramu 50 kwa lita: gramu 250 za klorini, ambazo kwa HTH, yaani unga wa klorini, wa asilimia 65 ni kama gramu 385. Yakaachwa saa 24, yakapitishwa kwenye mabomba yote hadi harufu ikasikika kila koki, yakamwagwa. Hapa pH ya ziwa ina neno lake. Klorini ikiwa majini hugawanyika katika sura mbili, yenye nguvu na dhaifu. Kwenye pH ya 7.5 ziko nusu kwa nusu, lakini kwenye pH ya 9 ile yenye nguvu inabaki asilimia 3 au 4 tu. Ndiyo maana ushauri wa “tia dawa, subiri nusu saa” ulioandikwa kwa maji ya pH chini ya 8 haufai kufuatwa kwa kichwa kichwa huku. Dawa inafanya kazi, ila ipewe muda. Kwa siku ambazo mgao umeruka na madumu ni lazima, yaingie jioni, yatiwe dawa ya kufikia miligramu 2 kwa lita, ambayo kwa tangi zima ni gramu 15 hivi za HTH, na yatumike asubuhi baada ya kupima kwa kidonge. Kijana amejifunza kusoma ile rangi ya waridi na sasa ndiye anayewabishia wauza maji.

Jikoni ndipo tulipotofautiana mimi na mama. Pendekezo langu lilikuwa aondoe membreni kabisa: nyuzi za maikroni 5, mkaa ulioshindiliwa, kisha taa ya UV inayoua vijidudu kwa mwanga, na koki. Ni rahisi kuhudumia, haimwagi maji, na kwa maji ya ziwa inatosha. Mama akanisikiliza, akasema, “Fundi, chai yangu.” Birika kubwa la mgahawa huchemka kutwa, na ukoko ulikuwa ukibanduka na kuelea kwenye vikombe, wateja wa chai hawajali mambo ya pH, wanaona vitu vyeupe vinaelea. Tena taa ya UV umeme ukikatika maji yanapita bila kutibiwa, isipokuwa ufunge na valvu ya kuyazuia. Nikakubali. Kwa biashara yake, membreni ilikuwa na kazi, ingawa si ile aliyouziwa.

Kwa hiyo mtambo ukabaki, ukaongezewa pampu ndogo ya volti 24 inayoupa presha ya zaidi ya bar nne. Matone yakawa mchirizi. Mtambo unatoa zaidi ya lita kumi kwa saa, na mahitaji ya chai na ya kunywa yanajazwa usiku kucha. Na mkaa? Upo, mahali pake: mbele ya membreni, kwa sababu membreni za aina hii huharibiwa na klorini. Dawa inayolinda tangi lazima itolewe hatua moja kabla ya membreni, isitolewe mlangoni. Maji yanayotoka sasa yanaingia kwenye tangi la lita 100 lenye mfuniko wa kufunga na koki chini; kikombe hakina pa kuingilia. Kwa kuwa maji hayo hayana klorini, tangi hilo linaoshwa kila wiki na maji hayalali humo zaidi ya siku moja. Yale ya kumwagwa yanaelekezwa kwenye pipa la kudekia na kumwagia vyooni.

Nilipima tena baada ya wiki kadhaa. Tangi la chini, la juu, na koki ya jikoni, mifuko yote ilibaki safi. Klorini vyumbani ilikuwa karibu 0.3.

Kilichobaki ni hita za kuogea. Zinaota ukoko kama kawaida, kwa kuwa maji ya vyumbani ni ya ziwa na ugumu wake uko pale pale. Dawa yake ni kilainishi cha maji, tangi la chembe za plastiki zinazobadilisha magnesi na kalsi kwa sodiamu na kuoshwa kwa chumvi. Chumvi si tatizo, Uvinza inakozalishwa iko hapo hapo mkoani, mradi iwe safi. Tatizo ni kwamba kilainishi cha vyumba kumi na vinne kinagharimu kuliko kubadilisha vyuma vya hita mara kwa mara, na kinataka mtu wa kukikumbuka. Nilimshauri asubiri na azisafishe kwa siki. Wiki iliyofuata alinipigia kuuliza kuhusu mtu aliyepita na sumaku ya kufunga kwenye bomba, inayodaiwa kulainisha maji bila chumvi. Nilimwambia asinunue.